Mchango wa kijiji umetimia: gari la wagonjwa, zahanati, nyumba ya kusubiria au vifaa vya leba?

Pesa zikishapatikana ndipo ugomvi unapoanza. Kundi la wana-kijiji waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko limechangia afya ya mama na mtoto kule nyumbani, na kila mmoja ana picha yake kichwani. Mmoja anataka gari la wagonjwa lenye jina la kijiji ubavuni. Wa pili anakumbusha boma la zahanati lililokwama kwenye lenta tangu wananchi walipobeba mawe na mchanga. Mwalimu mstaafu anasema jengeni nyumba ya kusubiria karibu na kituo cha afya, wajawazito wa vitongoji vya mbali wafike hapo mapema. Muuguzi mmoja, ambaye huandika mara chache, anauliza kama leba ya zahanati iliyopo ina mfuko wa kupumulishia watoto wachanga. Swali lake linafunikwa na salamu za asubuhi.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya kundi kama hilo, kwa vijiji vya Tanzania Bara, ingawa watu wa Kenya na Uganda wataona mengi wanayoyajua. Nimekaa vikao vya kamati za afya vya kutosha kuwa na upande, na sitauficha: kwa vijiji vingi vya leo, muuguzi yule ndiye mwenye hoja. Vipo vijiji ambavyo hoja yake haifai kuwa ya kwanza, na inawezekana kuvijua kabla hamjatoa hata shilingi.

Daftari kwanza, fundi baadaye

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba mama anayekufa kwa uzazi huwa amecheleweshwa mahali patatu. Kwanza nyumbani, kwenye kuamua: mume yuko machimboni, mama mkwe anasema mimba ya kwanza uchungu wake huwa mrefu, pesa bado hazijapatikana. Pili njiani. Tatu ndani ya kituo chenyewe, pale mama keshafika lakini mkunga yuko peke yake, damu hakuna, au chumba cha upasuaji kipo na mtaalamu wa usingizi hayupo. Wauguzi wanaliimba hili tangu chuoni. Wachangiaji wengi hawajawahi kulisikia, na ndiyo maana hununua dawa ya tumbo kwa mgonjwa wa kichwa.

Nendeni kwa mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati, mkiwa na mwenyekiti wa kijiji, mwombe jumla za mwaka mzima, bila jina la mtu yeyote. Wajawazito wangapi walianza kliniki (kitabu namba 6 cha MTUHA, yaani rejesta rasmi za kituo)? Wangapi walijifungulia hapo (namba 12)? Wangapi walipewa rufaa, na watoto wangapi walizaliwa wafu au walifariki siku ileile? Tuseme walioanza kliniki ni 200 na waliojifungulia hapo ni 70. Wale 130 wako wapi? Huenda walizalia nyumbani. Huenda pia waliipita zahanati yenu kwa makusudi wakaenda mbali zaidi, na hiyo ni habari tofauti kabisa. Utafiti uliofanyika Kasulu, mkoani Kigoma, na kuchapishwa 2009, uliwakuta wanawake zaidi ya 40 katika kila 100 waliojifungulia kituoni wakiwa wamekipita kituo cha karibu nao. Waliona huko mbele ndiko kuna mtu na vifaa. Kijiji cha namna hiyo ukikiongezea zahanati nyingine ya aina ileile, umekiongezea kituo kingine cha kupitwa.

Takwimu za nchi nazo zinaelekea hukohuko. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulionyesha watoto 63 kati ya 100 wakizaliwa katika vituo vya afya. Wa 2022 ukaonyesha 81. Vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Sasa tazama watoto wachanga, wale wanaofariki kabla ya kutimiza mwezi: 25 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 2015/16, na 24 mwaka 2022. Karibu palepale. Mama wamefika kituoni kwa wingi, lakini kichanga hajapata kilicho chake kwa kiasi kilekile.

Gari la wagonjwa na madereva wa kijiji

Gari ndilo linalopendwa kuliko vyote, kwa sababu linaonekana, linapigwa king'ora siku ya makabidhiano, na mbunge atakuja. Ndilo pia ninalolipinga zaidi. Gari likishakabidhiwa, litapangiwa kazi na halmashauri, maana ndiyo yenye dereva, mafuta, bima na fundi. Likipeleka mgonjwa mmoja hospitali ya mkoa, kata nzima inalisubiri lirudi. Matairi ya barabara za changarawe hayadumu. Zungukia yadi za halmashauri uone ambulensi zilizoegeshwa juu ya mawe, nyingine bado zina stika ya mfadhili.

Upande wa pili wapo madereva walioko tayari: mwenye Noah, mwenye Probox, mwenye bajaji, na bodaboda pale gari haliingii. Hapa serikali ilishatangulia. Mfumo wa m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan kwa ajili ya nchi nzima Aprili 2022, unatumia namba 115, na simu ni bure. Anayepokea simu anauliza dalili kwa kufuata mwongozo, anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu, na kama halipo anamwita dereva wa jamii aliyesajiliwa. Dereva akishamfikisha mama analipwa kwa simu. Mfumo unamhudumia mjamzito mwenye dharura, mama hadi siku 42 baada ya kujifungua, na kichanga hadi siku 28.

Kwa hiyo mkishindanisha gari lenu na madereva wa 115, lenu litashindwa kwa gharama. Pesa yenu ijaze pale mfumo unapopungukiwa. Vijiji vingi havina dereva hata mmoja aliyesajiliwa, na kusajili kunataka mtu wa kulifuatilia tu. Kwingine mtandao hushika juu ya kilima peke yake. Halafu yupo mama ambaye uchungu wake ni wa kawaida kabisa, hana dharura ya kupigia 115, ila kituo kiko mbali na ni saa nane usiku. Huyu ndiye anayepakiwa mshikaki: dereva mbele, yeye katikati, wifi nyuma akimshika kiuno, na kila shimo likija anainuka kwenye kiti kwa mikono. Mfuko mdogo wa nauli unaoshikwa na kijiji, dereva akalipwa akileta karatasi yenye saini ya mkunga, unamtoa hapo. Uganda walijaribu kitu cha namna hii katika wilaya za Kamuli na Pallisa, wakigawa vocha za usafiri na za huduma. Wanaojifungulia vituoni wakaongezeka zaidi ya maradufu. Wakunga wa vituo vile nao wakaelemewa, jambo ambalo wapanga usafiri hulisahau.

Na kama barabara yenyewe inakatika kila masika kwenye korongo moja, basi kalavati kwenye korongo hilo ni afya ya uzazi, hata kama halina rangi ya msalaba mwekundu.

Boma la zahanati na nyumba ya kusubiria

Sera ya zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, iliyotangazwa 2007 chini ya MMAM, Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ndiyo iliyotuachia maboma mengi. Wananchi wanapandisha kuta kwa nguvu zao, halmashauri inasubiriwa kuezeka. Kumalizia boma kuna heshima yake. Watu wametoa jasho na wanaliona kila siku. Lakini muulizeni Mganga Mkuu wa Wilaya swali moja kwa maandishi: jengo likikamilika, mtumishi gani anahamishiwa hapo, na lini? Zahanati yenye mtumishi mmoja itachanja, itatibu malaria, itapima wajawazito. Yote hayo ni ya maana sana kwa mtoto wa chini ya miaka mitano. Kwa uzazi wa usiku ni hadithi nyingine: mtumishi huyo akienda semina au akiugua, mlango una kufuli. Kama jibu la barua ni "tutaangalia", subirini.

Nyumba ya kusubiria, ambayo Dodoma na mikoa ya jirani wengi wanaijua kwa jina la Chigonella, hufanya kinyume: haipeleki huduma kwa mama, inamleta mama kwenye huduma kabla saa haijafika. Shirika la Afya Duniani liliikubali mwaka 2015 kwa masharti, na sharti kubwa ni kwamba iwe karibu na kituo kinachoweza kumhudumia mama anayejifungua. Nyumba ya kusubiria karibu na zahanati isiyo na upasuaji wala damu inampa mama mwenye kovu la upasuaji usingizi mzuri, basi. Iwe jirani na hospitali, au kituo cha afya ambacho chumba chake cha upasuaji kimefanya kazi mwezi huu, siyo kile kilichozinduliwa tu.

Inawafaa nani? Wa mimba ya kwanza anayetoka mbali, mwenye kovu, mwenye mapacha, aliyewahi kupoteza mtoto, aliyezaa mara nyingi. Inapotuangusha ni mahali ambapo mchoraji ramani hafiki: chakula, na watoto walioachwa nyumbani. Kadi ya kliniki inasema tarehe ya matazamio, lakini mama aliyeanza kliniki mimba ikiwa na miezi sita tarehe yake ni ya kukisia, na wiki mbili za kusubiri zinageuka tano. Unga umekwisha. Ni msimu wa palizi. Mume anakuja Jumamosi na kuku mmoja na nusu debe la mahindi, anasimama dirishani na kuuliza, "Sista, huyu bado tu?" na sista anamjibu, "Baba, mtoto hana saa. Kuni umeleta?" Jumatatu mama amefunga khanga zake amerudi nyumbani, na Jumatano uchungu unamkamata kilomita 30 kutoka kituoni.

Ndiyo maana nyumba ya kusubiria nzuri hujulikana jikoni. Kama bajeti yenu inaishia kwenye vitanda na neti, na hakuna jiko la nje lenye paa, tangi la maji, choo kinachoingilika na mjamzito wa miezi tisa, na mpango wa unga na maharage, jengo litakuwa stoo ndani ya miaka miwili. Jengeni vyumba vichache, mhifadhi pesa ya chakula. Ruhusuni pia mama aje na mtoto wake wa mwisho na bibi wa kumtunza. Wengi hawaji kwa sababu hiyo tu.

Mhudumu wa afya wa jamii

Hapa nitakuwa mfupi. Mpango wa kitaifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii ulizinduliwa Dodoma Januari 2024, ukilenga wahudumu 137,294 nchini kote. Kenya ilizindua wa kwao, wapatao 100,000, mwaka 2023, kila mmoja na mkoba wa vifaa, na Zanzibar ina Jamii ni Afya, ambapo mhudumu hutembelea kaya akiwa na simu yenye maswali ya kufuata. Hawa ndio wanaokata ule ucheleweshaji wa nyumbani, na ndio wanaomwona mtoto aliyepungua uzito kabla hajafika kituoni akiwa hoi. Ila msianzishe posho yenu. Mkilipa mwaka mmoja mkaacha, mmemwacha pabaya kuliko mlivyomkuta. Nunueni baiskeli, mabuti ya mvua na tochi, muiache serikali ilipe mtu wake.

Leba

Sasa kwenye swali la muuguzi. Miaka ya 1980 Dkt. Godfrey Mbaruku alikuwa hospitali ya mkoa Kigoma, mbali na kila kitu, na uchumi wa nchi ukiwa taabani. Hakujenga hospitali mpya. Yeye na wenzake walirekebisha vilivyokuwepo: vifaa vilivyovunjika vikatengenezwa, dawa muhimu na damu vikapangwa kuwepo, wafanyakazi wakakaa kujadili kila kifo, kazi zikagawanywa upya. Kati ya 1984 na 1991 vifo vya uzazi hospitalini hapo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000.

Miaka mingi baadaye, mpango ulioongozwa kutoka Hospitali ya Kilutheri Haydom, Manyara, ulifanya jambo la familia hiyohiyo katika vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, kwa midoli, huku wakipewa vifaa bora vya kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni na vya kumpumulisha akizaliwa. Matokeo yaliyochapishwa 2025 yalionyesha vifo vya akina mama vimepungua kwa takribani asilimia 75, na vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza kwa asilimia 40. Jengo halikuwa sehemu ya hesabu hiyo.

Sababu iko kwenye dakika. Mtoto aliyezaliwa bila kulia anatakiwa awe anapumua, au anapumulishwa, ndani ya dakika ya kwanza. Gari haliwezi kufika kwa dakika moja. Mkunga anamkausha, anamsugua mgongo, na kama hajashtuka anachukua mfuko na kinyago. Nenda kwenye zahanati yoyote uulize mfuko huo uko wapi. Kwingine utaonyeshwa meza ya kichanga, mfuko juu yake, kinyago cha saizi mbili, vyote safi. Kwingine sista atatafuta ufunguo wa kabati, kisha atatafuta aliye na ufunguo, na mkilifungua mkute raba ya kinyago imeshikana kwa joto. Hapo mmeshapata jibu la kundi lenu.

Kwa mama, adui mkubwa ni damu. Anayetokwa damu sana baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili, na macho ya mtu hukadiria chini ya kiasi halisi, hasa damu ikinywewa na khanga. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kutolewa 2023, ulitumia shuka la plastiki lenye mfuko wenye mistari ya kupimia, na mkunga akiona mstari umefikiwa anafanya yote kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini (sindano ya kuukaza mfuko huo), dawa ya kugandisha damu, dripu, na kukagua chanzo. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Oksitosini nayo inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa dirishani wiki mbili, mkunga anachoma sindano akiamini ametibu.

Kwa hiyo orodha ya leba ni ya vitu visivyopigiwa picha: sola yenye betri nzima, taa ya kichwani, friji, maji yanayotoka bombani, mashine ya presha kwa ajili ya kifafa cha mimba, kipimo cha wingi wa damu, mifuko ya kupumulishia miwili (mmoja ukichemshwa, wa pili uko mezani), midoli ya mazoezi, pazia. Pazia limo kwa sababu wanawake wengine hawaji kituoni kwa aibu ya kujifungua wakitazamwa. Orodha halisi itoke kwa mkunga na ipite kwa Mganga Mkuu. Na tafadhali, ndugu zetu wa Ulaya, msitume kontena la mashine zilizostaafu ambazo vipuri vyake havipatikani hapa.

Kwa hiyo mchague nini

Daftari likionyesha wengi wanafika lakini watoto wanafia hapo au rufaa ni nyingi, wekeni pesa leba, zote. Likionyesha wengi wanazalia nyumbani na kituo kina watu na vifaa, tatizo ni njia: sajilini madereva wa 115, anzisheni mfuko wa nauli, angalieni lile korongo. Mama wa visiwa vya delta ya Rufiji au wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, anayetegemea boti na hali ya upepo, hasaidiwi na dereva wa usiku. Kwake nyumba ya kusubiria ndiyo ya kwanza, jirani na kituo chenye upasuaji. Boma mlimalizie pale tu barua ya mtumishi ikishakuwa mkononi. Gari la wagonjwa ningelikubali kwa hali moja: halmashauri isiyo na gari kabisa, ambayo imeshaweka mafuta na dereva kwenye bajeti iliyopitishwa.

Chochote mtakachochagua, msipeleke fedha taslimu kwa mtu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo vya umma vinapokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, na kila kituo kina kamati yenye wanakijiji ndani yake. Ingizeni mchango humo, mdai stakabadhi, ombeni muhtasari wa kikao kilichopanga matumizi, na zuieni theluthi moja hadi mwaka wa pili, wakati betri za sola zitakapoanza kuchoka.